Wimbo Ule Unakuambia Nini?

(Mazungumzo na vijana wa shuleni na wa mtaani, Mpanda, Mkoa wa Katavi)

Vijana wenzangu, leo tunazungumzia muziki, na muziki hauzungumzwi kwa kunong'ona. Na wewe unayesoma mazungumzo haya ukiwa Inyonga, Karema, Majimoto au Mishamo, jihesabu kwamba umekaa hapa pamoja na sisi. Sogea, nafasi ipo.

Najua baadhi yenu mlipoambiwa kwamba mtu wa afya anakuja, mlijiandaa kusikia habari za minyoo, vyandarua na kunawa mikono. Hayo yana siku yake. Leo nataka nikuulize swali moja tu: wimbo unaoupenda kuliko zote, unasema nini? Sikuulizi nani kauimba, wala video yake ilipigwa wapi. Nakuuliza unasema nini. Na wewe ukishausikia, unafanya nini?

Usicheke. Swali hili linahusu afya yako kuliko unavyodhani.

Kila mtu na sikio lake

Ukitembea Mpanda siku moja tu, masikio yanashiba. Saluni wanapiga Bongo Fleva. Bodaboda anapita na redio yake. Kanisani kwaya inafanya mazoezi. Jioni kwenye vibanda vya chipsi kuna rumba la kutoka Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ukienda vijijini utawakuta Wasukuma na ngoma zao, na kule Katumba na Mishamo, walikofikia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, utasikia nyimbo za Kirundi. Halafu ziko za Kiingereza, za mapenzi, za roki, za rege, ambazo wengi tunaziimba kwa kukisia maneno. Tunazicheza zote. Lakini kucheza ni kitu kimoja na kuelewa ni kingine.

Jaribuni zoezi hili katika kikundi chenu. Pigeni wimbo mmoja mara mbili. Kisha kila mtu aandike kwenye kipande cha karatasi sentensi moja: "Wimbo huu unasema hivi." Asiandike jina lake. Kusanyeni karatasi, zisomeni. Mtashangaa. Mmoja ataandika kwamba wimbo unahusu mapenzi. Wa pili atasema unahusu pesa. Wa tatu atasema hajui unahusu nini, ila kila akiusikia anamkumbuka marehemu mama yake. Mara nyingi wavulana watasikia hivi, na wasichana vile. Wimbo ni huohuo, spika ni ileile.

Nani kakosea? Pengine hakuna. Wimbo ni mfupi, hausemi kila kitu. Pale usipomalizia, wewe msikilizaji unamalizia mwenyewe, na unamalizia kwa yale uliyonayo moyoni: hofu yako, hamu yako, uliyoyaona nyumbani.

Watu wa taarabu wanalijua hili siku nyingi. Ukumbini mwimbaji anaimba mafumbo, hamtaji mtu. Lakini utamwona mama mmoja anainuka na noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji kwenye maneno yale hasa, huku anamtupia jicho jirani yake. Ameuchukua wimbo akaufanya wake. Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua.

Tena hata mtunzi mwenyewe anaweza kusoma maneno vibaya. Bendi ya roki ya Marekani iitwayo Nirvana ilitoa mwaka 1991 wimbo "Smells Like Teen Spirit", ukapigwa dunia nzima, vijana wakauona ni wimbo wa kizazi chao. Jina lile lilitoka wapi? Rafiki wa mwimbaji Kurt Cobain alikuwa ameandika ukutani kwamba Kurt ananukia Teen Spirit. Cobain akadhani ni maneno ya mapinduzi ya vijana. Kumbe Teen Spirit ni manukato ya kupaka kwapani waliyokuwa wakiuziwa wasichana! Dada wa watu alikuwa anamtania tu.

Kwa hiyo usione aibu kama hujui wimbo unasema nini. Tatizo linaanza pale usipojua, halafu ukaufanya sheria ya maisha yako.

Soksi ya Dokta Remmy

Wazee wenu wanamkumbuka Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978, akapiga muziki na bendi yake ya Super Matimila mpaka kituo kimoja cha daladala pale Sinza kikaitwa Kwa Remmy. Alifariki dunia mwezi Desemba 2010. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati UKIMWI unaua watu na wengi wanaona haya hata kuutaja, alitoa wimbo "Mambo kwa Soksi". Soksi hapo si ya mguuni. Ni kondomu.

Mimi nataka mfikirie kilichotokea baadaye. Redio ya taifa, ambayo siku zile ndiyo redio ya wananchi wote wa bara, haikutaka kuupiga. Waliokuwa na wasiwasi walisikia mtu anayewafundisha vijana uhuni. Wengine, wakiwemo wauguzi na watu waliozika ndugu zao, walisikia mtu anayewaambia vijana: jikingeni, msife. Maneno yalikuwa hayohayo. Kila upande ulisikia kile ulichokuwa unakiogopa zaidi.

Leo sisi watu wa afya tunalisema lile la Remmy mchana kweupe, na kondomu zinapatikana bure katika vituo vingi vya afya. Kama huwezi kuacha ngono, basi usifanye bila kinga. Wimbo ule ulikuwa na haki. Lakini usisahau na lile la upande wa pili: kijana wa miaka 13 ukimwambia "soksi" peke yake, bila kumwambia kwamba ana haki ya kusubiri na haki ya kukataa, hujammalizia habari. Ndiyo maana wimbo mmoja hautoshi kuwa somo zima la afya.

Nyimbo za harusi ambazo si za harusi

Twende ukumbini. Bwana harusi na bibi harusi wanaingia, na MC anaomba "Malaika". Kila mtu anaimba. Wimbo huu Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa watu wamebishana sana juu ya mtunzi, wengine wakimtaja Adam Salim. Baadaye Miriam Makeba wa Afrika Kusini akausambaza duniani. Sauti yake ni tamu, hilo halina ubishi. Lakini hebu usikilize tena. Ni kilio cha kijana aliyeshindwa kuoa. Anampenda binti, binti pengine anampenda, lakini mahari imemshinda. Ni wimbo wa harusi ambayo haikufanyika!

Na za Kiingereza ni hivyohivyo. "I Will Always Love You" tunaoujua kwa sauti ya Whitney Houston, mwaka 1992, uliandikwa na Dolly Parton mwaka 1973 kumuaga mtu aliyekuwa akifanya naye kazi. Ni wimbo wa kuondoka. Sisi tunaupiga watu wanapokata keki.

Je, kuna ubaya? Kwa maoni yangu, hapana. Watu wa harusi wamechukua utamu, uchungu wameuacha. Hakuna aliyeumia. Lakini ukirudi nyumbani na "Malaika" kichwani, usiishie kwenye utamu. Jiulize: je, mapenzi yanapimwa kwa mali? Kijana wa kiume asiye na kitu hapendeki? Wapo vijana wa Mpanda wanaokwenda machimboni kutafuta dhahabu kwa sababu wameambiwa na kila mtu, na kila wimbo, kwamba mwanamume ni pesa. Wanakunywa, wanajichosha, wanachukua hatari ambazo wasingechukua. Kijana, hilo nalo ni jambo la afya. Umasikini si ugonjwa wa kuuficha kwa kuvunja mwili wako.

Wivu si kipimo cha mapenzi

Sasa naomba mnisikilize vizuri, hasa dada zangu.

Kuna bendi ya Uingereza iliyoitwa The Police. Mwaka 1983 walitoa wimbo "Every Breath You Take", ukashika namba moja Marekani kwa wiki nane. Una gitaa tulivu, unabembeleza. Mpaka leo watu wanaupiga kwenye harusi na kuwatumia wapenzi wao. Aliyeutunga, Sting, ameeleza zaidi ya mara moja kwamba si wimbo wa mapenzi mema. Ni wimbo wa mtu mwenye wivu, aliyeachwa, anayemfuatilia mwanamke kila aendako na kumhesabu kuwa mali yake. Mtunzi mwenyewe anashangaa watu wanaouona mtamu.

Mimi sishangai sana, maana jambo hilihili nalisikia hapa kwetu bila gitaa. Msichana anakuambia: "Shemeji yenu ananipenda huyo! Akipiga simu nisipopokea mara ya kwanza, anakuja mpaka nyumbani. Ananikataza kukaa na marafiki. Simu yangu anaikagua kila siku. Juzi kanipiga kibao kwa ajili ya wivu." Na wenzake wanacheka, wanasema ana bahati.

Dada yangu, hebu ondoa muziki. Bakiza maneno peke yake. Mtu anayeamua uende wapi, ukae na nani, uvae nini, na akikasirika anakupiga, anakupenda au anakuchunga?

Na afya inaingia hapa. Msichana aliyezoea kuamuliwa kila kitu, siku mwenzake akisema "leo hatutumii kondomu" atasema nini? Akisema "kama unanipenda, thibitisha", atajibu nini? Atanyamaza, kwa sababu amezoea kunyamaza. Amefundishwa kwamba kupendwa ndiko huko.

Mkoa wetu unalijua jambo hili kwa namba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba Katavi ndiyo iliyoongoza nchi nzima kwa mimba za umri mdogo: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 mpaka 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 27. Utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha Katavi imeshuka mpaka asilimia 34. Tumepiga hatua, na wenye kufanya kazi hiyo wapewe heshima yao. Lakini asilimia 34 maana yake ni nini? Panga wasichana watatu hapo mbele. Mmoja wao ni mama tayari, au yuko njiani.

Sisemi kwamba nyimbo ndizo zinazowapa wasichana mimba. Hapana. Kuna umasikini, kuna shule zilizo mbali, kuna ndoa za utotoni, kuna watu wazima wasio na haya, kuna kubakwa. Ninachosema ni kwamba mtu anayetaka kukuingiza mtegoni mara nyingi huazima maneno matamu, na nyimbo zimejaa maneno matamu ya kuazima. Ujue kuyapima.

Na ukiwa umeshapata mimba, usidhani dunia imekwisha. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi walioacha shule kwa ajili ya ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua. Wahi kliniki, na ukijifungua ulizia nafasi yako ya masomo.

Na ninyi kaka zangu, msikae mkitabasamu kama hadithi haiwahusu. Nyimbo nyingi zinakuambia kwamba msichana akikataa, anajidai tu, ukikomaa atakubali. Huo ni uongo, na ni uongo unaoweza kukufunga. Hapana yake ni hapana. Tena sheria ya Tanzania haiangalii kama binti wa chini ya miaka 18 alikubali: kufanya naye mapenzi ni kubaka. Na anayempa mwanafunzi mimba adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Hakuna wimbo utakaokutetea mahakamani.

Mario na Fataki

Nyimbo na redio zina nguvu mpaka zinatupa maneno mapya. Mwaka 1985 Franco Luambo wa Kongo alitoa wimbo "Mario", kwa Kilingala. Ni habari ya kijana msomi anayelelewa na mama mtu mzima mwenye pesa. Hafanyi kazi, anakula, anavaa, anafanya fujo, mpaka yule mama anachoka naye. Wengi waliocheza wimbo ule Tanzania hawakujua Kilingala hata neno moja, lakini habari ile ikavuka ziwa. Leo kijana anayelelewa na mwanamke tunamwita marioo.

Upande wa pili tunaye Fataki. Huyu aliingia kupitia kampeni ya redio: mzee anayewarubuni mabinti wadogo kwa chipsi, lifti na vocha. Watu walimcheka mpaka jina likawa la kila mzee wa namna hiyo.

Angalia tofauti hapa. Neno "fataki" lilimpa binti silaha. Mtu mzima akimwita, wenzake wanasema "fataki huyo!" na binti anaweza kuondoka anacheka. Lakini "marioo" vijana wengine wameligeuza likawa sifa. Na wasichana nao wana "kuchuna buzi", wakidhani wao ndio wanaokula. Tafadhali, fikiri: mwenye pesa ndiye anayeamua kondomu itumike au isitumike. Awe mama, awe baba, anayekulipia chumba ana sauti kuliko wewe uliyelipiwa. Franco alilieleza hilo mapema. Sisi tuliusikia mdundo.

Franco huyohuyo mwaka 1987 alitoa wimbo mwingine, "Attention na SIDA", wa kuwaonya watu juu ya UKIMWI. Miaka miwili baadaye akafariki. Na mwaka 1989 Philly Lutaaya wa Uganda akafanya jambo ambalo mtu maarufu wa nchi ile hakuwahi kulifanya: alisimama hadharani akasema anaishi na virusi, akaimba "Alone and Frightened", akazunguka shuleni na makanisani kuwaeleza vijana. Alifariki Desemba mwaka huohuo. Watu waliomsikiliza hawakubaki walewale.

Yule aliyekaa karibu nawe

Sasa tuje kwenye nyimbo zetu. Mwaka 2004 Ferooz akiwa na Professor Jay walitoa "Starehe". Kijana mgonjwa anamsimulia rafiki yake jinsi alivyoishi kwa anasa na wanawake, na sasa anajuta. Miaka hiyo pia MwanaFA na Lady Jaydee walikuwa na "Alikufa kwa Ngoma". Ngoma hapo, kama mnavyojua, si ya kupiga kwa mkono. Ni jina la mtaani la UKIMWI, kama vile umeme na miwaya. Tulivyokuwa tunaogopa neno lenyewe, tukalivalisha nguo nyingine. Wengine wakafanya na mzaha, wakasema AIDS ni "Acha Iniue, Dogodogo Siachi".

Nyimbo zile zilifanya kazi kubwa. Ziliwafanya watu wazungumzie nyumbani jambo ambalo halikuzungumzwa. Lakini kila wimbo una mwaka wake. "Starehe" ulitoka mwaka 2004, na ni mwaka huohuo serikali ilianza mpango wa kutoa dawa za ARV bure. Watu wengi hawajazipata. Kwa wakati ule, kusema ukipata virusi unakufa ulikuwa ni ukweli wa mitaani. Leo si ukweli. Anayejua hali yake mapema, akameza dawa kila siku bila kuruka, anaishi, anasoma, anaoa au anaolewa. Virusi vyake vikipungua mpaka kipimo kisivione, na akiendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Na mama anayetumia dawa anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi.

Liko na jambo la pili. Tuseme tuko darasani, watu arobaini. Wimbo wa aina ile unapigwa, tunaimba, tunatikisa vichwa: ndiyo, starehe ndizo zilizomponza. Kwenye dawati la nyuma kuna binti wa miaka 16. Yeye alizaliwa na virusi. Hajawahi kuwa na mpenzi. Kila siku usiku anameza kidonge chake kwa siri, akisingizia ni dawa ya kichwa. Sisi tunasikia wimbo wa onyo. Yeye anasikia kwamba ni mwenye dhambi, na kwamba kifo chake kimeshatungiwa wimbo. Kesho yake anaacha dawa. Unaona wimbo mmoja unavyoweza kuwa kinga kwa mmoja na kidonda kwa mwingine?

Kwa hiyo ukiusikia wimbo wa namna hiyo, uimbe, lakini usimalizie pabaya. Virusi havichagui mhuni na mtakatifu. Wapo waliozaliwa navyo. Wapo waliokuwa waaminifu katika ndoa zao. Wapo waliobakwa. Na wapo waliokosea kama sisi sote tunavyoweza kukosea. Wote ni watu, na wote dawa yao ni moja. Ukimwona mtu amekonda, usimtungie wimbo. Kwa macho huwezi kujua. Kipimo ndicho kinachojua.

Maswali manne ya kuuliza wimbo

Hapa ndipo ninapotaka uniandikie kwenye daftari. Wimbo wowote, wa Kiswahili, Kisukuma, Kilingala au Kiingereza, uulize hivi:

1. Nani anazungumza, na anazungumza na nani? Usidhani kila anayesema "mimi" ni mwimbaji, au kwamba anaposema "wewe" anakusema wewe. Huenda anaigiza mtu mbaya ili umjue.

2. Nikiondoa mdundo, maneno haya ningekubali aambiwe dada yangu, au mdogo wangu wa kiume? Kama hapana, kwa nini mimi nayakubali?

3. Mimi nimesikia nini, na kwa nini nimesikia hivyo? Hili ndilo gumu. Kama kila wimbo unakuliza, au kila wimbo unaona unakuambia kwamba maisha hayana maana, usiulaumu wimbo. Huenda moyo wako umechoka. Zungumza na mtu unayemwamini: mwalimu, shangazi, kiongozi wako wa dini, mhudumu wa afya. Huzuni nayo ina tiba.

4. Jambo la afya lililomo, ni kweli? Hili usilijibu mwenyewe, wala usimwulize mwimbaji. Muulize mhudumu wa afya.

La nne nalisisitiza. Mwimbaji kazi yake ni kukugusa. Hakusomea dozi. Kama unataka kujua hali yako, nenda kapime. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, mwenye miaka 15 anaweza kupima virusi vya UKIMWI bila kuhitaji idhini ya mzazi. Kama umebakwa, au kondomu imepasuka, usikae nyumbani ukisikiliza nyimbo za huzuni. Wahi kituo cha afya siku hiyohiyo. Kuna dawa za kuzuia maambukizi, lakini lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu, na ukiwahi zaidi ndiyo bora zaidi. Kama kuna anayekunyanyasa, liko dawati la jinsia na watoto polisi, na iko simu ya mtoto namba 116, unapiga bila malipo.

Kazi ya nyumbani

Namalizia. Sikuja kuwanyima muziki, na anayetaka kuwanyima vijana muziki hataweza. Muziki unatusaidia kusema tusiyoweza kuyasema. Kijana asiyeweza kumwambia mama yake "naogopa" anaweza kumwambia, "Mama, hebu sikiliza wimbo huu." Itumieni nafasi hiyo.

Kwa hiyo wiki hii fanyeni hivi. Mchague mtu mmoja: mpenzi wako, rafiki yako au mzazi wako. Mpigie wimbo unaoupenda. Kabla hujasema wewe umesikia nini, muulize yeye kasikia nini. Msimcheke, msimkatize. Kisha mweleze na ya kwako. Kama mpenzi wako anakasirika kwa sababu tu umesikia tofauti na yeye, hapo umeshajifunza jambo kubwa kuhusu mpenzi wako, wala hukuhitaji mtu wa afya kukuambia.

Wanavikundi, jadilini pia haya:

- Taja wimbo mmoja unaomheshimu mwanamke na mmoja unaomdharau. Umejuaje?
- Je, kuna neno la mtaani mnalolitumia kwa ugonjwa, mimba au ngono ambalo linamwumiza mtu? Mnaweza kuliacha?
- Kama ungetunga wimbo wa vijana wa Katavi, ungesema nini kuhusu ile asilimia 34?

Hilo la mwisho msilijibu kwa mdomo tu. Tungeni. Kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, kwa Kipimbwe, kwa lugha yoyote mnayoiota. Mkishamaliza, wapigieni wenzenu, halafu nyamazeni mwasikilize wamesikia nini.

Haya, nani ana swali la kwanza?